Tusi Lililoongezwa

Waliicheza ile sauti mara tatu, na mara zote tatu watu walicheka.

Tulikuwa kwenye bwalo la chakula la Kiwanda cha Sukari Lukumbe. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani na harufu ya maharage ya jana bado ilikuwa kwenye mbao. Mbele alikaa mkaguzi wa usalama kutoka serikalini, Bi. Tatu Mwinyikombo. Kulia kwake alikaa Meneja Ruhinda, kavaa suti siku ambayo hata mijusi ilikuwa inatafuta kivuli. Na kushoto, kwenye kiti cha plastiki, kati ya askari wawili, alikaa Zeno Mapunda, mhudumu wa boila kwa miaka ishirini na sita. Siku kumi na moja kabla ya hapo, boila namba tatu ilipasuka saa nane na dakika ishirini mchana ikamuua Aidano Kikoti, aliyekuwa amempokea Zeno zamu. Uchunguzi ule ndio ungeamua kama Zeno anapelekwa mahakamani kwa kusababisha kifo, miaka saba jela, au anarudi kwa mkewe.

Sauti ilisema hivi:

"Kikoti, mtumwa wangu wewe, umeamka au bado unamtafuna mbwa wa jirani? Haya basi. Boila namba tatu ipo kazini, presha ishirini na moja, maji nusu kioo. Kazi njema, mtani."

Ilikuwa sauti ya Zeno kabisa, na mkwaruzo wake wote, ila bila kikohozi. Hata mkaguzi alibana midomo ili asitabasamu.

"Mheshimiwa," alisema Ruhinda, "maji hayakuwepo. Boila ilikuwa kavu, mabomba yameiva mekundu. Kikoti akaingiza maji baridi kama kawaida ya mpokea zamu, likatokea lililotokea. Na huyu bwana alimwambia mwenzake kioo cha kupimia maji kiko nusu. Tena kwa mizaha."

Bi. Tatu alimgeukia Zeno. "Mzee Mapunda, hii ni sauti yako?"

"Sauti ni yangu."

"Na maneno?"

"Ya katikati ni yangu. Tusi si langu. Presha sikuitaja mimi. Na hilo 'mtani' la mwisho si langu."

"Unataka kusema hukumtukana marehemu?"

"Siku ile sikumtukana."

"Siku nyingine je?"

"Siku nyingine nilimtukana kila siku, mama. Miaka kumi na tisa. Naye akinitukana. Ananiita mla panya mpaka mwanangu wa mwisho alidhani ndilo jina la ukoo."

Watu wakacheka tena. Ruhinda akaeneza mikono kama mtu aliyeletewa zawadi. "Mheshimiwa, mimi nashindwa. Mtu anakana tusi, anakubali uongo. Angekana uongo akakubali tusi, ningemwelewa."

Zeno aliinua macho akaniangalia mimi. Mimi ndiye Desderia Kobelo, fundi wa vipimo na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Aliniangalia kwa muda wa pumzi moja, akatikisa kichwa kidogo sana, akarudisha macho sakafuni.

Watu arobaini mle ndani walijua alichokuwa anakificha. Walikuwa wanacheka kile kicheko cha mbele ya bosi, na mashati yalikuwa yamewaganda migongoni.

*

Sasa nieleze, maana hakuna tena cha kuficha.

Mwaka nilioajiriwa Lukumbe, zamu mbili zilikuwa zinakutana. King'ora kikilia saa nane, anayetoka anamngoja anayeingia, wanasimama pamoja mbele ya mashine robo saa nzima. Weka mkono hapa, sikia huu mtetemo, hii valvu inanung'unika tangu asubuhi. Kampuni ilipiga hesabu ya ile robo saa, ikaiita upotevu, ikaifuta. Nakumbuka tangazo lilibandikwa Jumanne, kwa gundi ya unga, na mbuzi wa mlinzi alikula nusu yake. Kuanzia hapo, ukikutwa ndani dakika tano baada ya king'ora, unapewa barua. Barua tatu, huna kazi. Badala ya robo saa tukapewa kidani: kitu cha shingoni, kidogo kama punje ya hindi, unakinong'oneza ujumbe wa kukabidhi zamu na mwenzako anausikia akiingia.

Na kila ujumbe ulikuwa unasikilizwa juu.

Ukisema "boila hii siiamini," unaulizwa una ushahidi gani. Msimu wa kusaga miwa boila haizimwi. Zeno alizima namba mbili mwaka juzi kwa sababu ya mlio tu, akaandikiwa barua yenye maneno "kauli ya hofu isiyo na msingi." Ninayo nakala. Ninazo nakala za barua zote, tangu ile ya kwanza kabisa. Watu husema mtu akisahau anapona. Mimi sikutaka kupona.

Basi watu wa boila walitumia walichokuwa nacho. Zeno ni Mngoni, Kikoti alikuwa Mhehe, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Watani hawasalimiani, wanatukanana. Ukiingia boila wewe ni Mluguru kama mimi, au Msukuma, au hujui kwenu, unagawiwa mtani siku ya kwanza pamoja na viatu. Kila ujumbe unaanza na tusi. Ukisikia tusi, basi mambo ni salama, yaliyosemwa ndiyo yaliyopo. Usiposikia tusi, mwenzako anakuambia: usiguse kitu. Yote niliyosema yamesemwa kwa ajili ya wakubwa, usiyaamini hata moja, nitafute.

Ni hilo tu. Hatukuandika popote, hatukuwahi kulitamka kwenye mkutano. Liliwaokoa hata wanawake wa kupiga dawa ya wadudu shambani msimu ule mitungi yao ilipovuja, na lilitufichulia mpelelezi wa kampuni kabla hajamaliza chai yake ya kwanza. Kwa miaka kumi na nne meneja alisikiliza kila neno tulilosemezana na hakujua lolote.

Halafu ikaja Nakshi.

*

Nakshi ilikuwa programu iliyowekwa kwenye vidani na Mhandisi Kemilembe, msichana wa miaka thelathini hivi, mpole, anayekula bwaloni na sisi na kurudisha sahani mwenyewe. Natamani angekuwa mwovu. Ningelala vizuri.

Kazi ya Nakshi ilikuwa kuutajirisha ujumbe. Unasema maneno matatu huku unakohoa na mitambo inanguruma. Nakshi inaondoa ngurumo, inaondoa kikohozi, inachukua presha na joto kutoka kwenye vipimo na kuviingiza kwenye sentensi yako, kwa sauti yako mwenyewe, kama vile ulivitaja. Ukisitasita, inanyoosha. Ukikatika, inaunga. Ujumbe unatoka umevaa na kuchana nywele. Sauti mbichi, kama Kemilembe alivyoiita, inafutwa baada ya sekunde tisa.

Nayo ilianza kwa kufuta matusi. Lugha isiyofaa kazini.

Miezi minne tulikuwa viziwi. Hakuna aliyesikia tusi, kwa hiyo kila ujumbe ulikuwa wa hatari, na ujumbe wote ukiwa wa hatari hakuna ulio wa hatari. Zeno akiwa na wasiwasi alikuwa anakimbia kutoka getini hadi kwa Kikoti, kilomita mbili kwa miguu, kumwambia kwa mdomo kabla hajatoka nyumbani. Mtu wa miaka hamsini na nne, jua la saa saba, anatoroka kabla ya muda ili awahi. Kwa kutoroka huko akapata barua ya pili.

Nikasema basi. Nikakusanya ujumbe wa zamani arobaini na mmoja kwenye kidani changu cha zamani, matusi matupu, nikampelekea Kemilembe. Sikumwambia siri. Nilimwambia habari za heshima, habari za mila, kwamba mtani asiyetukanwa anajiona amefiwa. Nilisema vizuri. Mimi niliishia darasa la saba, nikajisomea sheria ya kazi kwenye vitabu vilivyotupwa na ofisi ya wilaya, na siku ile nilisema kama wakili. Kemilembe alicheka mpaka machozi.

"Dada Desi, hii ni hazina," alisema. "Tumekosea sana. Nitaifundisha Nakshi ladha ya hapa."

"Itayaacha matusi yetu?"

"Itayaacha na kuyatunza."

Sikuuliza swali la pili. Nilikuwa na hamu ya kushinda, nikatia saini. Watu walinibeba juu kutoka ofisini hadi bwaloni, kina mama wa ufungashaji wakatandika kanga nipite juu yake. Kikoti mwenyewe alinipa mkono. "Katibu," alisema, "leo nitalala. Yule mla panya atanitukana kesho nijue dunia ipo."

Akaishi siku kumi na sita.

*

Zeno walimweka kituo cha polisi cha shambani, chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kwa hiyo jioni ile nikaenda na wali kwenye kontena. Koplo aliufunua, akachukua kipande cha nyama, akaniruhusu.

"Umekuja kunitia aibu," Zeno alisema. "Wali na nyama, kama mgonjwa wa kufa."

"Kula. Halafu niambie ulisema nini."

Alikula kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, koplo alikuwa nje anasugua buti. "Nilisema: Kikoti. Namba tatu ipo kazini. Maji nusu kioo. Basi. Nikanyamaza, nikahesabu mpaka tano ili asikie vizuri kwamba nimenyamaza."

"Kioo kilionyesha nusu?"

"Nusu, tangu saa nne. Hakipandi, hakishuki. Maji yaliyo hai hayatulii vile, mama, yanapumua. Nikajua kioo kimeziba kinanidanganya. Nilimpigia msimamizi, akasema kipimo kinasoma nusu na wewe unasoma nini, ndoto? Nina barua mbili. King'ora kikalia. Nikasema, Kikoti atanisikia. Sasa matusi yamerudi, si ndiyo? Katibu ametupigania yamerudi."

Hakunikusudia ubaya. Hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Sikukimbia kwake," alisema. "Miezi ile minne nilikimbia. Siku ile nilitembea. Nilinunua hata ndizi njiani."

Nilishika nondo. "Kesho kutwa nitasimama nimweleze mkaguzi maana ya tusi."

"Hutasema."

"Zeno."

"Hutasema, Desderia." Hakuwahi kuniita kwa jina langu zima. "Ukisema, ile mashine itajifunza kesho yake asubuhi. Ruhinda atajua kila siku nani ananyamaza na kwa nini. Watu mia mbili watakuwa uchi. Mimi nikifungwa nitatoka. Siri ikitoka hairudi gerezani."

"Na mkeo?"

"Mke wangu anajua kulima."

"Na Kikoti? Watoto wake wataambiwa baba yao aliuawa na mzaha wako. Watakua na hilo."

Alifunika kontena taratibu, akalirudisha kwenye mfuko. "Kikoti alikuwa mtani wangu," alisema. "Mtani wangu angeniambia nisiwauze waliobaki kwa ajili ya waliokufa."

"Usimsemee maiti. Tayari kuna mashine inayokusemea wewe hai, na umeona ilipotufikisha."

Koplo aligonga mlango. Muda umekwisha.

*

Kesho yake nilimfuata Kemilembe. Nilimkuta peke yake, macho yamevimba, bado hajanywa chai.

"Mhandisi, Nakshi ilimwekea Zeno tusi mdomoni. Ndiyo au siyo?"

Hakubisha. Aligeuza kioo cha kompyuta nikione. Sauti mbichi ilishafutwa, lakini Nakshi ilikuwa inaweka orodha ya kila ilichobadilisha: sekunde ngapi zimeondolewa, sekunde ngapi zimeongezwa. Ujumbe wa Zeno wa siku ile ulikuwa na nyongeza mwanzoni, sekunde nne na nusu. Na nyingine mwishoni.

"Imefanyaje hivi?"

"Imejifunza kwake mwenyewe. Mzee Mapunda karibu kila siku anaanza na tusi." Alikuwa anasema haraka, kama mtu anayekiri kabla hajaulizwa. "Siku ile lilikosekana. Nakshi ikaona pengo. Ikidhani kidani kimekata mwanzo wa ujumbe, kama kinavyokata mara nyingi, inaziba. Inaziba kwa kitu ambacho yeye angekisema."

"Ambacho angekisema," nilirudia. "Kama angetaka kukisema."

"Nilimpa meneja orodha hii siku ya pili baada ya ajali. Alisema nyongeza ni pambo. Alisema taarifa ni maji nusu kioo, na hayo ni maneno ya mzee mwenyewe. Tusi halina maana, kwa hiyo halikubadilisha maana." Alifuta pua. "Dada Desi, nimelala macho siku kumi. Kama lile tusi lilikuwa na maana, niambie. Nitakwenda na orodha mbele ya mkaguzi, wanifukuze. Lakini nikienda mikono mitupu watasema tu mashine ilikuwa na adabu ya kimila."

Nilikaa. Feni ilikuwa inazunguka. Niliwaza mambo mengi ya hasira na yote yalikuwa ya kweli: kwamba waliiba robo saa, kwamba waliiziba midomo yetu na kisha wakatengeneza midomo mingine, kwamba mtu anaweza kukuua kwa kuipenda ladha yako. Na nikawaza moja nisilolitaka. Kwamba siri yetu nzuri ilikuwa mtoto wa woga. Tulijifunza kusema kwa kunyamaza kwa sababu tulikatazwa kusema, tukaona ujanja, tukafurahia ujanja wetu miaka kumi na nne, na wakati huo wote robo saa yetu ilikuwa kwao na hatukuidai tena.

"Fungua miezi minne ile ya kwanza," nilimwambia. "Wakati Nakshi ilikuwa inafuta. Nitafutie siku ambazo kwenye ujumbe wa Zeno haikuwa na tusi la kufuta."

Alitafuta. Zilikuwa sita.

Nikatoa daftari langu la matengenezo. Nikamsomea tarehe moja moja. Pampu ya maji, ilibadilishwa. Valvu ya usalama, ilibadilishwa. Ufa kwenye bomba la nne, uliunganishwa. Siku sita zote, kila moja na ubovu wake, ukaonekana baada ya Zeno kukabidhi zamu.

Kemilembe aliweka mkono mdomoni. Sikuhitaji kumweleza zaidi.

*

Asubuhi ya siku ya pili ya uchunguzi nilisimama getini kabla ya saa kumi na mbili, zamu ya asubuhi ikiingia. Nikawaambia: leo nitawaeleza. Mkitaka kunipiga, nipigeni sasa, maana saa saba nitakuwa ndani.

Hakuna aliyenipiga. Honorata Gama, wa boila namba mbili, mama mwenye mabega kama mlango, aliuliza peke yake. "Ukishasema, tutaambianaje?"

"Kwa mdomo. Uso kwa uso."

"Wana barua."

"Wana karatasi ngapi?"

Alisonya. Akaingia kazini bila kuniaga, na wengine nyuma yake, na sikujua walichoamua.

Saa saba Kemilembe aliweka orodha mezani, mimi nikaweka daftari, na nikamweleza Bi. Tatu yote. Zeno aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Nilisema na langu pia: kwamba matusi yaliyoifundisha mashine niliyapeleka mimi, kwa mkono wangu, na nikabebwa juu kwa ajili hiyo. Mkaguzi alipitisha kidole kwenye tarehe sita, akarudia, akaomba maji ya kunywa.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mzee alitoa onyo."

"Alitoa."

"Na likafutwa kwa kuongezewa."

"Ndiyo, mama."

Ruhinda hakuwa na hasira. Alikuwa anaandika. Aliandika haraka kama mwanafunzi, kisha akaniangalia kwa uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani. "Hii ni taarifa ya maana sana kwa kampuni. Mhandisi, Nakshi ifundishwe leo. Ukimya wa tusi uwashe taa ofisini kwangu. Na nyingine?"

"Nyingine zipi?"

"Ishara nyingine. Hamwezi kuwa na moja tu."

"Zipo," nilimwambia.

"Ziorodheshwe."

"Mwaka mlioifuta robo saa ulikuwa naibu," nilisema. "Saini yako ipo chini ya tangazo, herufi ya R imekatwa na meno ya mbuzi. Anza kuorodhesha hapo."

Bi. Tatu aligonga meza. Alisema haoni uzembe wa Zeno Mapunda, aachiwe huru, ataandika hivyo, na ataandika mengine ambayo meneja hatayapenda. Askari wakasimama. Mmoja alimsaidia Zeno kuinuka, na Zeno akapita mbele yangu karibu kabisa.

"Umetuvua nguo, Katibu," alisema.

"Najua."

King'ora cha saa nane kililia.

Kila siku baada ya king'ora kuna kishindo. Viatu mia vinakimbilia getini kabla ya dakika tano kwisha, hata bwaloni sakafu inatikisika. Tulisubiri kishindo. Ruhinda alitazama saa yake. Bi. Tatu alikuwa anafunga mkoba, akaacha.

Hakuna kiatu kilichokimbia.

Kemilembe alifungua kompyuta yake. "Zamu ya mchana imeingia," alisema. "Ya asubuhi haijatoka. Hata mmoja."

Ruhinda alikwenda dirishani. Kutoka pale unaiona nyumba ya boila, milango yake mikubwa iko wazi. Walikuwa wamesimama wawili wawili mbele ya kila mashine, anayetoka na anayeingia, na wamevua vidani wakavitundika kwenye msumari wa kuwekea kofia. Honorata alikuwa amemshika kijana wa zamu ya mchana kwa shingo kama anayemnawisha mtoto uso, anamwinamisha aone chini ya bomba.

Meneja alishika kidani chake cha matangazo. Nilimsikia kwa masikio yangu alivyosema, na mkaguzi alimsikia. "Tokeni nje sasa hivi, wajinga nyie. Atakayebaki namfukuza na namshitaki."

Nakshi ikayanyoosha kwa mtindo wa matangazo yake ya kila siku, na vipaza sauti vya kiwanda kizima vikasema, kwa sauti ya Ruhinda, tamu kama ya mchumba: "Ndugu zangu wapendwa wa Lukumbe, nawashukuru kwa kujituma kwenu. Naomba mkipata nafasi, mpumzike. Tunawathamini."

Kicheko kilipanda kutoka nyumba ya boila. Hakikuwa cha mbele ya bosi. Ruhinda alirudia, akapaza sauti, akataja polisi, na kila alivyozidi kutisha ndivyo vipaza sauti vilivyozidi kubembeleza, mpaka akakivua kidani na kukitazama. "Izime," alimwambia Kemilembe. "Izime hii kitu wanisikie."

"Ukiizima, meneja," alisema Kemilembe, "itazimika kwa wote, na vipaza sauti navyo."

Alibaki amesimama, kidani mkononi. Ikawa lazima ashuke. Aliteremka ngazi na suti yake, akavuka uwanja wenye jua, akaingia nyumba ya boila kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na sisi nyuma yake. Joto lilimpiga kifuani akasita mlangoni.

Zeno alikuwa ametutangulia. Hakuwa na zamu, hakuwa na kofia, nguo zake bado zilinuka mahabusu. Alisimama mbele ya namba nne, mkono wake juu ya chuma cha mlango wa majivu, anasikiliza.

"Nilisema tokeni," alisema Ruhinda. Ilitoka kavu, sauti yake halisi, nyembamba kuliko tulivyoizoea.

"Tumekusikia, bosi," alijibu Honorata bila kugeuka. "Robo saa."

Walibaki robo saa nzima. Barua ziliandikwa kesho yake, mia moja na sita, na ya kwanza ilikuwa yangu. Ninayo.

Lakini saa nane na dakika kumi ile, Zeno alimwita mpokeaji wa namba nne, mtu mzima wa Kilosa aliyekuwa anamwogopa kidogo kwa sababu ya yaliyopita. Alimwonyesha kioo. Maji yalikuwa yanapanda na kushuka, upana wa kucha.

"Unaona?"

"Naona, mzee."

"Usiseme unaona kwa sababu mimi nimesema. Kaa hapa mpaka uone."

Yule mtu akachuchumaa mbele ya kioo, na Zeno akachuchumaa kando yake, wakayatazama maji.